Kifuniko cha Chupa ya Chai

Nyanzobe, chupa yako sasa iko juu ya kabati,
nyuma ya taa ya chemli, chuchu imegeukia ukuta.
Ilikwisha kung'atwa, ile chuchu. Meno yako manne
yaliitoboa tundu la pili, maziwa yakawa kama bomba la Igogo:
mara hayaji kabisa, mara yanakuja yote.

"Miezi kumi na minne," alisema nesi wa kliniki
akiandika kwenye kadi bila kuniangalia.
"Baba, mpe kikombe. Cha kawaida, kisichonyonywa."
Baba.
Kana kwamba siku ile kwenye benchi tulikuwa wengi.

Ulianza na ziwa la mama.
Lilikauka mapema, alipolazwa Bugando,
tukabaki wawili huku mlimani, juu ya mawe,
tukilitazama Ziwa jingine, lile pana, lisilonyonyeka.
Neno moja kwa vyote viwili: lugha nayo ina mizaha yake.
Ulilia mpaka taa za mitumbwi zikazimika moja moja,
maji yote yale chini yetu
na hakuna tone lililokufaa.
Kulipopambazuka nikashuka, nikanunua chupa.

Kikombe cha kwanza kilitoka mjini, cha plastiki,
masikio mawili na picha ya bata.
Ulimpenda bata. Ulimkwangua kwa ukucha,
ukampindua, maji yakakumwagikia miguuni,
ukanitazama kama fundi anayesubiri malipo.

Cha pili, cha bati, alikileta shangazi Kabula kutoka Magu.
Hicho ulikigonga sakafuni
mpaka Bwire wa nyumba ya chini akauliza
kama tumeanza kupasua kokoto.

Nikajaribu kijiko.
Ukafunga mdomo kama duka saa ya swala.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Kwetu ililowesha fulana tatu, mkeka,
na kadi ya kliniki.

Halafu Jumatano ile.
Mama yako hajarudi Kirumba, bado anapima dagaa kwa sado;
mimi nimekwisha kuvaa sare, nakwenda lindo kiwandani,
nimekaa kizingitini na chupa yangu ya chai,
ile nyekundu iliyobonyea ubavuni,
nakunywa kwenye kifuniko chake kama siku zote.

Ukaja umeshika ukuta.
Ukauacha ukuta, ukashika mkono wangu.
Nikapuliza chai. Nawe ukapuliza, mate matupu.
Nikaimwaga nje, nikasuuza,
nikatia maziwa ya uvuguvugu, hata nusu hayafiki.

Hukutaka nikushikie.
Viganja viwili. Pua ikatangulia ndani,
ukapiga chafya, maziwa yakanirukia kifuani.
Kisha mdomo wa juu ukauona ukingo.
Ukameza. Nilisikia koo likifanya kazi.
Ukakishusha kifuniko, ukasema "aaah,"
aaah yangu hasa, ya jioni, ya mtu aliyechoka,
niliyodhani hakuna anayeisikia.

Nilichelewa dakika ishirini.
Msimamizi alitaka kujua doa lile la nini.
Nikamwambia: la mtu mzima mmoja, hapo nyumbani.

Tangu siku hiyo kifuniko ni chako.
Mimi chai nainywea kwenye bata,
na wenzangu getini wamechoka kucheka.

Ila jana, usiku wangu wa mapumziko,
saa tisa niliamka bila kuitwa.
Nikawasha jiko, nikateleka sufuria,
mkono ukapapasa juu ya kabati, nyuma ya taa.
Mama yako akasema kutoka gizani:
"Shija, mtoto kalala. Unamchemshia nani?"

Maji yalikuwa yameanza kuongea.
Nikayaacha yachemke.